Mkate Wenye Tundu

Aulis Kettunen, mwoka mikate wa Tampere,
miaka arobaini aliitoboa mikate yake katikati
kwa pembe ya ng'ombe, urithi wa baba mkwe:
mikate myeusi, migumu, ya kutundikwa ufitoni
juu ya jiko, ikauke, ingoje theluji iyeyuke.
Kisha uvimbe ukamtoboa yeye.

Paa la kinywa likaenda, na nusu ya taya la juu.
Supu ikawa inamtokea puani.
Akisema, mkewe Hellevi alimfasiria,
kutoka Kifini kwenda Kifini.

Mimi sikumjua kwa uso.
Nilimjua kwa shahamu:
mafundo ya njano ndani ya chupa,
yamefyonzwa chini ya kitovu asubuhi ya Jumanne,
bado yana uvuguvugu.
Kitambi cha siagi,
kitambi alichotaniwa nacho sauna,
kitambi ambacho daktari wa moyo
alikiandikia barua mbili kukiamuru kiondoke.
Akiba haiozi, Aulis.

Nikakiosha. Nikakitia kimeng'enya, kikalegea.
Nikakizungusha mashineni mpaka mafuta yakaelea,
kama yapendavyo mafuta,
na chini kabisa likabaki doa jekundu
la ukubwa wa punje ya mtama.
Ungedhani uchafu.
Humo ndimo zilimolala seli shina,
zisizoapishwa bado
kuwa mfupa, wala gegedu, wala mafuta.

Nje, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
mto unafuka mvuke kama chungu.
Ndani ya kabati langu, thelathini na saba,
usiku na mchana.
Nilizilisha maji ya damu yake mwenyewe,
maana Daktari Tarmela hataki damu ya ndama
iingie kinywani mwa mtu bila kupikwa.
Chini ya hadubini zilijinyoosha, nyembamba,
zote upande mmoja, kama samaki wanaokabili mkondo.
Nilizisemesha. Pirkko akanicheka.

Mwezi wa pili, sahani ya mgonjwa mwingine
iliingia ukungu. Nikaipeleka tanurini,
nikakaa chooni dakika kumi.
Huyo jina lake silisemi.

Halafu kizimba cha titani,
kimefinyangwa kwa kipimo cha tundu,
ndani yake chembe za chokaa, na seli juu ya chokaa,
wakakishona tumboni, katikati ya msuli,
jirani na kule zilikotoka.
Miezi minane.
Mwanamume wa miaka sitini na mmoja
akabeba mimba ya taya lake.
Hellevi akimpapasa: Litazaliwa lini?

Wahenga walituonya: kikulacho ki nguoni mwako.
Kweli, uvimbe ulikuwa nguoni.
Mbona hawakutuambia
kikuponyacho nacho huenda kimo humo humo,
chini ya mshipi,
katika kile unachokionea haya mbele ya kioo?

Lakini sitatia chumvi.
Wako wauzao sindano hizi vyumbani mwa hoteli:
goti, uso, usahaulifu, ugumba,
sindano moja, maradhi yote, lipa kwanza.
Mimi nimeziona zikikataa.
Nimeona kazi ya wiki tatu ikigeuka uji.
Seli si waganga. Ni vibarua:
zionyeshe kazi, zipe chakula, kisha ngoja,
na pengine usilipwe.

Mwezi wa kumi walilihamisha,
taya pamoja na mshipa wake wa damu,
kutoka tumboni hadi usoni.
Safari ya pima moja haifiki;
iliwachukua saa kumi na mbili.

Juzi nikakuta kifurushi mlangoni pa maabara.
Mkate mweusi. Tundu katikati.
Ukingoni umeumwa, pande limeondoka,
na alama za meno ya juu zimekaa wazi,
sawa, kama mhuri.
Pirkko akataka kuutupa:
nani humtumia mtu mkate ulioumwa?

Nimeutundika msumarini,
juu ya kabati la nyuzi thelathini na saba.
Acha ukauke.